Namna ya Kuanzisha Chumba cha Makumbusho ya Posta na Simu Mwanza

Anayetaka kuanzisha makumbusho ya posta na simu huwa anaanza na chumba, kisha kabati la vioo, kisha barua ya kuomba ufadhili, na vitu vyenyewe huachwa vije mwishoni kana kwamba vitajileta. Mimi nashauri uanzie mwisho. Tafuta bahasha moja iliyosafiri kweli, uisome mpaka uimalize, ndipo utakapojua chumba unakihitaji kwa kazi gani. Maelezo yanayofuata yametokana na kukusanya vitu vya posta na simu hapa Mwanza kwa ajili ya chumba kimoja cha shule, na yamekusudiwa walimu, wakutubi, vikundi vya mtaa, na familia ambazo baba au babu alikuwa karani wa posta, opereta wa simu au fundi wa kupanda nguzo, na sanduku lake bado limo chini ya kitanda.

Bahasha ninayoanza nayo kila ninapoelekeza watu kazi hii ni ya kaki, imechakaa pembeni, na imechorwa mistari miwili ya buluu iliyokatizana. Mistari hiyo ni alama ya barua ya rejista. Upande wa mbele kuna muhuri wa Nansio, Ukerewe, ulioangukia nusu juu ya stempu na nusu juu ya karatasi, na tarehe yake inasomeka vizuri: Mei 1974. Stempu yenyewe ni ya toleo la pamoja, ina majina ya Kenya, Uganda na Tanzania, kwa sababu wakati huo posta ilikuwa bado chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ukiigeuza bahasha unakuta mihuri miwili zaidi, wa Mwanza na wa Tabora, kwa kuwa barua ya rejista ilipigwa muhuri katika ofisi ilizopitia ili ikipotea ijulikane imepotelea wapi. Kutokana na mihuri hiyo mitatu unaweza kumwonyesha mwanafunzi boti ya kutoka kisiwani, mfuko wa barua ukipakuliwa bandarini, na treni ya kwenda Tabora, bila hata kuifungua barua iliyomo ndani.

Hapo ndipo sheria ya kwanza inapotoka: usibandue stempu. Sisi tuliolelewa na albamu za stempu shuleni tulifundishwa kukata kona ya bahasha, kuiloweka katika bakuli la maji ya uvuguvugu, kusubiri gundi ilegee, kisha kuianika stempu juu ya gazeti. Mwaka wangu wa kwanza niliziloweka bahasha zaidi ya thelathini kwa bidii kubwa, nikapata stempu safi ambazo thamani yake haifiki hata nauli ya daladala, na nikatupa mihuri, anwani na tarehe, yaani kila kitu kilichoifanya bahasha iwe ya Kanda ya Ziwa na si ya mahali pengine popote. Stempu zilichapishwa kwa mamilioni. Bahasha iliyotoka Nansio ikapita Mwanza siku ile iko moja.

Ukishakubali kwamba unachokusanya ni safari, itakubidi ujifunze kuisoma miaka kwa kuangalia stempu na muhuri, na hili si gumu kama linavyodhaniwa. Wajerumani walijenga kituo chao hapa mwaka 1892, na muhuri wao uliandikwa MUANSA kwa tahajia yao. Stempu zao za mwanzo zilikuwa za Ujerumani zilizogongwa thamani kwa pesa, sarafu ndogo ya rupia ya wakati huo, kisha zikaja zenye picha ya Hohenzollern, meli ya mfalme wao, ambazo tangu 1905 thamani yake ndogo iliandikwa kwa heller, sarafu iliyochukua nafasi ya pesa. Waingereza waliuteka mji Julai 1916, na kwa miaka michache wakatumia stempu za jirani zilizogongwa herufi G.E.A., yaani German East Africa. Mwaka 1922 Tanganyika ikapata stempu zake zenye kichwa cha twiga, na mwaka 1935 zikatoka za pamoja za Kenya, Uganda na Tanganyika, mojawapo ikiwa na jahazi likisafiri Ziwa Victoria, ambayo ukiipata ikiwa na muhuri wa Mwanza usiitoe chumbani kwa bei yoyote. Baada ya uhuru zipo nyingi na zinapatikana. Toleo la samaki la mwaka 1967 ndilo utakaloletewa mara kwa mara, na wageni wa Kirumba, penye soko la samaki, hawakosi kuuliza sato na sangara wako wapi. Jibu ni kwamba samaki wote wale ni wa baharini.

Karatasi zisizo na stempu, kama fomu, risiti na barua za ofisi, zisome kwa jina la mwajiri lililochapishwa juu. Shirika la pamoja la Afrika Mashariki lilikufa pamoja na Jumuiya mwaka 1977, likafuatwa na Shirika la Posta na Simu Tanzania, na tarehe 1 Januari 1994 hilo nalo likagawanywa, posta ikaenda upande wake, simu zikaenda kampuni ya simu ya TTCL, na usimamizi ukapewa Tume ya Mawasiliano, iliyorithiwa na Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) mwaka 2003. Fomu yenye jina la Posta na Simu Tanzania, kwa hiyo, kama haina tarehe, iweke kati ya 1977 na 1993 na uendelee na kazi.

Vitu vyenyewe hupatikana wapi? Si posta, ambako karani wa leo hana mamlaka ya kukupa chochote, ingawa ni adabu kwenda kumwona meneja mapema na kumweleza unachofanya. Vinapatikana majumbani kwa wastaafu, kwa mafundi redio wanaotunza makorokoro, na kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kwa hao wa mwisho nenda na tahadhari. Vile vikombe vyeupe vya kaure vilivyokuwa juu ya nguzo za simu, ambavyo kazi yake ilikuwa kuzuia umeme usivuje kutoka kwenye waya kwenda kwenye nguzo, ni vitu vizuri vya kuonyesha, lakini mtu akikuletea na waya wa shaba, muulize umetoka wapi, na kama hana jibu la kueleweka usiupokee hata bure. Makumbusho ikijulikana kwamba inapokea vya wizi haitaletewa vya halali.

Usidharau vitu vya juzi. Kadi za kupigia simu za TTCL, vocha za kukwangua, laini za kampuni zilizokwisha kubadili majina, na ubao wa rangi wa kibanda cha simu ya kulipia vinatoweka haraka kuliko stempu za Mjerumani, kwa sababu hakuna aliyedhani ni historia. Vivyo hivyo kadi za salamu za redio, zile ambazo msikilizaji alijaza majina ya watu wake ishirini na akazituma kwa posta ili zisomwe hewani Dar es Salaam. Sijui kitu kingine kinachounganisha posta na redio kwa ufupi namna hiyo, na mwenye kadi hizo huwa hajui kama ana kitu cha maana.

Siku unapopokea kitu, kabla hujakifuta vumbi, kiandike. Chukua kaunta buku, upige mistari, na ukipe kila kitu namba inayoanza na mwaka wa kupokelewa, kisha namba ya mfululizo; namba hiyo hiyo iandikwe kwa penseli laini nyuma ya karatasi, au kwenye kijikaratasi kilichofungwa kwa uzi kama ni chombo. Andika nani kaleta, alikipata vipi, kilitumika wapi, na kama amekitoa moja kwa moja au amekiazima tu. Hili la mwisho liandikwe kwenye hati fupi ya nakala mbili zenye saini, moja akae nayo yeye, kwa sababu mzee akifariki wajukuu watakuja kuulizia simu ya babu, na ni haki yao kuuliza. Barua zina jambo la ziada. Karatasi ni mali ya aliyepokea, lakini maneno ni ya aliyeandika, na ndani yake mna magonjwa, madeni na ndoa za watu ambao baadhi yao bado wako hai. Tena tangu 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mimi huonyesha bahasha, na barua ya ndani naionyesha pale tu familia zote mbili zimeridhia.

Kitu bila simulizi ni chuma chakavu kilichofutwa vumbi, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hii ni kuzungumza na wazee, na hapa watu wengi hukosea kwa kwenda na orodha ya maswali. Mzee aliyefanya kazi miaka thelathini ofisini akiona karatasi ya maswali anadhani amekuja mkaguzi. Nenda asubuhi, toa shikamoo yako, na kama yeye ni wa huku na unakijua Kisukuma mwambie mwangaluka, kisha mpe kitu mkononi unyamaze. Nilimpelekea mzee mmoja aliyekuwa opereta simu ya kukoroga, ile yenye mkono wa kuzungusha ubavuni. Hakusema neno. Alikiweka kikonyo sikioni, akainamisha kichwa kulia kama mtu anayesikiliza kwa mbali, akazungusha mara tatu kwa haraka, na akasema, “Namba tafadhali.” Ndipo akaanza kueleza jinsi alivyochomeka waya kwenye tundu la mpigiwa, jinsi alivyowajua wafanyabiashara kwa sauti zao, na jinsi ilivyokuwa vigumu kujifanya husikii wanachoongea. Saa nzima ile nilikuwa na swali moja tu kwenye daftari, na sikuliuliza. Rekodi kwa simu yako baada ya kuomba ruhusa, na jioni ile ile andika muhtasari, kwa kuwa rekodi zisizo na maelezo zikifika kumi hutakumbuka ipi ni ya nani.

Sasa utunzaji, ambao kwa mji wa kando ya ziwa una mambo yake. Adui wa karatasi ni mwanga, unyevu, wadudu na wema wa watu, na huo wa mwisho ndio mbaya zaidi. Mtu anayekupenda ataichukua barua ya mwaka 1938 aipeleke stesheneri ikawekwe plastiki ya moto ili isiharibike, na kuanzia hapo imeharibika, maana plastiki ile haibanduki tena na joto lake limekwisha kuikausha karatasi. Usilaminishe, usibandike selotepu, usitoboe, na pini za zamani zilizoota kutu zitoe taratibu kwa kuinyoosha mikono yake kwanza upande wa nyuma. Weka karatasi kwenye bahasha au mafaili ya karatasi isiyo na asidi kama unaipata; usipoipata, tumia karatasi nyeupe safi na uibadilishe kila baada ya muda, bali usitumie yale mafaili laini ya plastiki yenye harufu kali, kwa sababu hutoa kemikali zinazokula wino.

Mwanga wa jua kutoka dirishani utaifuta stempu ya rangi katika miezi michache. Wataalamu wa makumbusho hupendekeza mwanga usiozidi lux 50 kwa karatasi, ambao ni sawa na chumba chenye mwanga hafifu wa kusomea gazeti kwa shida, hivyo fanya kama wanavyofanya makumbusho makubwa: onyesha nakala nzuri ya rangi, na halisi ikae sandukuni itolewe kwa siku maalumu. Unyevu wakati wa masika hauzuiliki kabisa, lakini sanduku la bati lenye mfuniko mkali, likiwekwa juu ya matofali mbali na ukuta na kutiwa vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya, litakusaidia kuliko kabati la kioo la bei kubwa. Sanduku hilo mafundi bati wa Makoroboi watakukunjia kwa kipimo chako. Kagua mchwa kila wiki. Na wale wadudu wadogo wa ziwani wanaotanda kama moshi wakati wao ukifika, funga madirisha kabla hujawasha taa jioni, kwa sababu huvutwa na mwanga, wakafa juu ya kila kilicho wazi na kuacha madoa.

Faksi inahitaji haraka ya pekee. Karatasi nyingi za faksi, kama risiti nyingi za leo, huandikwa kwa joto na si kwa wino, na maandishi yake hufifia yenyewe mpaka ukabaki na karatasi nyeupe. Inakiliwe siku ile ile inapofika. Kwenye vyombo, toa betri zote bila kuacha hata moja. Betri ya simu ya mkononi iliyovimba usiitoboe wala usiihifadhi chumbani. Simu ya kukoroga ina jenereta ndogo ndani, na mtu akizungusha huku mwingine ameshika nyaya zake, anapigwa na umeme unaoweza kufika volti mia moja hivi. Watoto hulifanya hilo kuwa mchezo ndani ya dakika tano za kwanza, kwa hiyo ziba ncha za nyaya mapema. Redio za mawasiliano, zile tulizoziita simu za upepo, zionyeshe zikiwa zimezimwa, kwani kurusha mawimbi bila leseni ya TCRA ni kosa hata kama nia yako ni elimu.

Kuhusu mpangilio, nenda kwanza Bujora, pale Kisesa, ukaione Makumbusho ya Wasukuma, ambako nyumba ya watemi imejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi na ngoma zao zimo ndani. Utajifunza kwamba mgeni huelewa kwa kutembea na mtu anayeeleza, si kwa kusimama mbele ya bango refu. Maelezo ya kitu kimoja yasizidi maneno hamsini, kwa Kiswahili, na yaliyobaki yasemwe na mwenyeji.

Makumbusho mengi ya namna hii hupanga vitu kwa aina: simu ukuta huu, stempu ukuta ule. Sipendekezi. Panga kwa swali moja, yaani habari ilifikaje Mwanza, na uchore ramani kubwa sakafuni au ukutani ili kila kitu kikae kwenye njia yake. Njia ya kwanza ni ya matarishi, waliobeba mifuko ya barua kwa miguu kutoka pwani kupitia Tabora. Ya pili inashangaza wageni wengi, kwa sababu haipiti Tanzania ya leo: Reli ya Uganda ilipofika Kisumu Desemba 1901, barua ya Mwanza iliweza kushuka melini Mombasa, ikapanda treni, na ikavuka ziwa kwa meli ndogo kama William Mackinnon na Winifred. Reli yetu kutoka pwani ilifika Tabora 1912, lakini Mwanza haikufika mpaka 1928. Meli ya Victoria, iliyoanza kazi ziwani 1961 na ambayo baada ya ukarabati inaitwa New Victoria Hapa Kazi Tu, hapo mwanzo ilitanguliwa na herufi RMS, zinazomaanisha meli ya barua za Mfalme au Malkia wa Uingereza. Weka picha yake kwenye njia hii na uwaulize watoto kwa nini meli ya abiria ilipewa jina la barua. Njia ya angani iwe juu yake: Wajerumani walikuwa na vituo vya mawasiliano yasiyo na waya Mwanza na Bukoba kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na cha Bukoba Waingereza walikiharibu Juni 1915, jambo linaloonyesha jinsi kilivyohesabiwa kuwa cha hatari. Mwisho wa ramani uweke mwaka 2009, nyaya za intaneti za SEACOM zilipofika Dar es Salaam chini ya bahari, miaka 130 tangu kebo ya kwanza ya telegrafu ilipofika Zanzibar kutoka Aden mwaka 1879.

Kila njia ipewe jambo moja la kufanya kwa mikono. La telegrafu ni rahisi: kengele ndogo ya betri, kipande cha bati kinachobonyezwa kama kitufe, na kibao chenye herufi za Morse, ambazo nukta ni mlio mfupi na mstari ni mlio mrefu. Neno la kujifunzia ni jina la mji wenyewe. M ni mistari miwili, W ni nukta na mistari miwili, A ni nukta na mstari, N ni mstari na nukta, Z ni mistari miwili na nukta mbili, kisha A tena. Mtoto wa darasa la nne huimudu kwa robo saa.

Mchezo wa telegramu ndio unaopendwa na watu wazima. Telegramu ililipiwa kwa hesabu ya maneno, kwa hiyo mpe mgeni karatasi, mwambie anaweza kulipia maneno sita tu, na habari ni kwamba mama anaumwa, amelazwa, watoto wake walioko Dar es Salaam waje na walete fedha. Hapo ndipo utaona Kiswahili kilivyomfaa masikini, maana nimewasili ni neno moja wakati Mwingereza alilipia matatu. Wengi huishia na “Mama mahututi njooni haraka leteni fedha.” Kisha wazee waliomo chumbani huanza kusimulia wenyewe, bila kuulizwa, jinsi ilivyokuwa kwamba tarishi akionekana ameshika telegramu, kilio kilianza kabla bahasha haijafunguliwa, na jinsi mara nyingine ilikuwa ni habari ya kufaulu mtihani tu.

Kwa siku ya kufungua chagua tarehe 9 Oktoba, Siku ya Posta Duniani, inayokumbuka kuanzishwa kwa Umoja wa Posta Duniani mjini Bern mwaka 1874. Au 17 Mei, siku ya mawasiliano ya simu, ambayo inafuatwa kesho yake na Siku ya Makumbusho Duniani, ukapata siku mbili kwa maandalizi ya moja. Mjulishe afisa utamaduni wa halmashauri yako mapema, kwa maandishi.

Kabla ya kuaga, mpe kila mgeni kadi tupu na penseli, aandike kitu kimoja anachokikumbuka kuhusu barua au simu kwao, na nyuma aandike jina la chumba chenu na S.L.P. yenu. Asikuachie mkononi. Aende nayo posta, anunue stempu, aombe muhuri upigwe vizuri usomeke, na aitumbukize. Baada ya siku kadhaa fungua sanduku lenu, zitoe kadi zilizofika, soma tarehe za mihuri, na uziingize kwenye kaunta buku kwa namba inayofuata.